Mpe mbwa wako kazi ya pua: jinsi ya kumshughulisha nyumbani hatua kwa hatua

Mbwa anayefungiwa bandani kutwa nzima na kufunguliwa usiku tu huishia kuchimba mashimo, kutafuna kandambili na kubweka kila bodaboda inapopita. Wenyewe humwita mkorofi, kumbe hana kazi. Huhitaji midoli ya dukani kumtoa hapo. Chakula anachokula kila siku kinatosha, ila asikipate chote kwenye bakuli: akitafute. Njia hizi zinamfaa mbwa wa kienyeji sawa na wa kizungu.

Hatua ya 1: Andaa chakula

Pima chakula chake cha siku na ukigawe mafungu matatu. Moja liende kwenye bakuli, mawili yawe ya mchezo. Usiongeze kitu juu ya hapo, atanenepa.

Chakula kikavu cha dukani hakina maandalizi. Ukitumia ugali, usonge mgumu kuliko wa mezani, uuchanganye na dagaa waliosagwa au maini yaliyochemshwa bila chumvi wala vitunguu. Ukishapoa kabisa, ukate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kisha uvianike kivulini kwa saa moja ili vikauke juu. Ugali laini hushika mchanga, tena humeguka na kujaza sisimizi uwanjani.

Hatua ya 2: Mfundishe "tafuta"

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, usiikimbilie.

Mtu amshike mbwa. Tawanya vipande 20 hivi kwenye eneo la mita moja kwa mita moja, juu ya majani mafupi au sakafu iliyofagiwa, huku mbwa anaona. Sema "tafuta" mara moja tu, aachiwe. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu. Dakika 10 kila mara zinatosha. Siku ya nne panua eneo hadi mita tatu na uanze kuficha: nyuma ya ndoo, chini ya ukingo wa mkeka, kwenye mizizi ya mwembe. Baada ya wiki moja ficha vipande vitano au sita tu katika upande mzima wa uwanja, bila yeye kuona.

Mtazame anavyofanya kazi. Mwanzoni anatumia macho, anaruka huku na huku. Kisha kichwa kinashuka, na ukisogea karibu unasikia pumzi zake, fupi na za harakaharaka. Anakipita kipande, anasimama ghafla, anageuza shingo na kurudi hatua mbili. Harufu ilimponyoka, sasa anaitafuta ilipoishia. Hapo ndipo akili yake inachoka uchovu mzuri, na hapo ndipo wenye mbwa wengi wanapoharibu kwa kumwonyesha kwa kidole. Mbwa anaelewa sana kidole cha binadamu. Ukimwelekeza mara mbili tatu, ataacha kunusa na kukukodolea macho akusubiri. Nyamaza. Akikwama zaidi ya dakika moja, sogea taratibu upande ule bila kunyoosha mkono, na siku inayofuata mfichie mahali rahisi zaidi.

Uwanjani, anza kwa kuficha upande unakotoka upepo ili harufu imjie. Cheza kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Gusa saruji kwa nyuma ya kiganja: kama huwezi kuvumilia sekunde 7, itamwunguza nyayo. Na kamwe usitawanye chakula palipopuliziwa dawa ya wadudu au palipowekwa sumu ya panya.

Hatua ya 3: Ongeza vizuizi

Chukua trei ya karatasi ya mayai 30, safi, isiyo na kinyesi cha kuku. Weka punje za chakula kwenye vishimo kumi, ufunike kwa trei nyingine bila kuikandamiza. Kuchana karatasi na kuitema hakuna neno. Akianza kuimeza, achana na trei, tumia taulo kuukuu: tandaza, nyunyiza chakula, viringisha. Mara ya kwanza ulegeze kabisa. Ukilikaza mapema atalirarua au atasusa.

Vifuu vitatu vya nazi vilivyosuguliwa kingo vinafaa pia. Vifunike chini, kimoja kiwe na dagaa, aguse kwa pua ndipo umfunulie. Chupa tupu ya maji ya nusu lita itie kiganja kimoja cha chakula kikavu, ukiondoa kwanza kifuniko, pete yake na lebo. Hii usimwachie peke yake, maana plastiki iliyomezwa huweza kuziba utumbo.

Hatua ya 4: Mkeka

Mbwa wa getini anafaidika sana na hii. Weka mkeka mahali pamoja. Akiukanyaga, mpe kipande palepale mkekani. Akishazoea, ngoja mpaka alale ndipo umpe, kisha refusha muda kutoka sekunde 5 hadi dakika 2. Mtu akipita nje, mwite mkekani kabla hajaanza kubweka. Akishapandwa hasira hakusikii.

Wapo wanaoogopa kwamba mbwa akichezeshwa hatalinda. Kucheza nawe hakumwondolei masikio wala pua, na aliyefanya kazi asubuhi hulala vizuri mchana. Kinachomharibu ni kulishwa pilipili au bangi ili awe mkali.

Vya kutafuna

Karoti mbichi nzima inafaa. Gunzi la mahindi na kokwa la embe viweke mbali kabisa, vinakwama tumboni na mbwa huishia kupasuliwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika kama vibanzi. Muhogo mbichi una sumu. Usimpe chokoleti, zabibu, vitunguu wala makadamia, na soma kopo la siagi ya karanga: lenye zailitoli (kitamu kinachotiwa badala ya sukari) usiliguse.

Ukiwa na mbwa wawili, mmoja afungiwe mwenzake anapocheza. Hata ndugu wa tumbo moja hupigana wakiona chakula kimefichwa.

Wiki mbili zikipita na bado anachimba, anazunguka au hataki kunusa chakula, chunguza masikio, kupe na mara ya mwisho alipopewa dawa ya minyoo, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.