Namna ya Kupima Figo kwa Mwenye Kisukari Kabla Dalili Hazijajitokeza

Figo zinazoharibiwa na kisukari haziumi. Mtu anaweza kushinda mchana kutwa akichuma chai kule Rungwe na kurudi jioni bila uchovu wa ajabu, ilhali vichujio vidogo vya figo zake vimekwisha kuanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Miguu inapovimba, hamu ya kula inapopotea na kichefuchefu kinapoanza, mara nyingi sehemu kubwa ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, na kilichopotea kwa njia hiyo kwa kawaida hakirudi. Kwa hiyo mwenye kisukari asingoje dalili, bali aende kliniki akijua vipimo anavyovihitaji na kuvitaja kwa majina yake.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe figo mara tu anapogundulika, kwa sababu huenda ugonjwa ulikaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana, na baada ya hapo apimwe kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza huanza vipimo hivi miaka 5 baada ya kugundulika, kisha naye hupima kila mwaka.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni uwiano wa albumini (aina ya protini ya damu) na kreatinini (taka itokayo kwenye misuli) kwenye mkojo, unaoonyesha kama vichujio vinavuja. Cha pili ni kreatinini ya damu, ambayo maabara huitumia pamoja na umri na jinsia kukadiria kasi ya uchujaji wa figo. Omba vyote viwili, kwa kuwa yupo ambaye figo zake zinavuja ingawa kasi bado ni nzuri, na yupo ambaye kasi imeshuka bila mkojo wake kuonyesha lolote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika vituo vingi mkojo hupimwa kwa kijiti cha kuchovya, ambacho kipande chake cha njano hugeuka kijani kikikutana na protini. Kijiti hicho hugundua protini ikiwa nyingi. Albumini kidogo, ambayo ndiyo ishara ya mwanzo, huweza kupita bila rangi kubadilika. Tena kinategemea uzito wa mkojo: katika baridi ya Julai kule Makambako, mtu anapokunywa maji kidogo, mkojo huwa mzito, na aliyekunywa maji mengi asubuhi hiyo huwa na mkojo mwepesi unaoficha tatizo. Uwiano na kreatinini hurekebisha tofauti hiyo. Shangazi yangu anayelima viazi Uyole aliandikiwa kwenye daftari lake la kliniki kwa miaka miwili mfululizo maneno yale yale, «protini: hakuna», na sote tukaridhika. Alipopimwa uwiano kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa miligramu 210 kwa gramu, ilhali kawaida ni chini ya 30.

Hata hivyo daktari hakukimbilia kumpa jina la ugonjwa. Alimuuliza alifanya kazi gani siku iliyotangulia, na shangazi akajibu kwamba alishinda shambani akipakia magunia. Kazi nzito ndani ya saa 24 huweza kupandisha albumini kwa muda, na vivyo hivyo homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi, au sukari iliyopanda sana. Alipumzika, akarudia mara mbili katika miezi iliyofuata, akapata 96 na 88. Huo ndio utaratibu unaofaa: jibu lisilo la kawaida huthibitishwa iwapo vipimo viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi 3 hadi 6, vinaonyesha hivyo.

Kwa maandalizi, pumzika kazi nzito siku moja kabla, na jioni hiyo usile nyama nyingi, kwa kuwa huweza kupandisha kreatinini ya damu. Usiache dawa zako isipokuwa umeambiwa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora: jisafishe, acha ule wa mwanzo uende, kisha kinga wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara. Anayetoka mbali, kwa mfano Makete, anaweza kutoa mkojo wa wakati wowote akifika, kisha akarudia na ule wa asubuhi iwapo jibu ni kubwa. Kabla ya kulipa nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, Iringa au Njombe, au ile ya rufaa ya kanda Mbeya, uliza kama siku hiyo maabara inapima uwiano. Ikiwa kilichopo ni kijiti tu, pima. Kikigeuka rangi, fuatilia upesi, lakini kisipogeuka usijihesabu kuwa salama.

Uwiano chini ya miligramu 30 kwa gramu ni wa kawaida. Kati ya 30 na 300 umepanda kiasi. Zaidi ya 300 umepanda sana. Baadhi ya maabara hutumia kipimo kingine chenye mipaka ya 3 na 30, kwa hiyo soma kizio kilichoandikwa pembeni ya namba. Kasi ya uchujaji iliyo chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo hata kama mkojo hauna albumini.

Uvujaji ukithibitishwa, muulize daktari kuhusu dawa za presha zinazolinda figo, kama losartani au enalaprili, ambazo mjamzito hapaswi kuzitumia, na ambazo hufuatwa na kipimo cha kreatinini na potasiamu baada ya wiki chache. Muulize pia kama dozi ya metformini, dawa ya kisukari, inahitaji kupunguzwa. Ukienda duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, sema wazi kwamba una kisukari na figo zinachunguzwa, usipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Nakuomba kwa dhati uwe mwangalifu hivyo hivyo na mitishamba, kwani baadhi yake hudhuru figo.

Mwisho, kabla ya kuondoka dirishani, nakili kwenye daftari lako tarehe, uwiano, kreatinini, kasi ya uchujaji na presha ya siku hiyo, kwa sababu mwaka ujao daktari atataka kuona namba zimesogea kutoka wapi.