Namna ya kuzuia mafuta yako yasiishie korongoni: kwa wenye viwanda vidogo vya alizeti

Nakamua alizeti Kizota, hapa Dodoma. Miaka mitatu ya mwanzo mazingira kwangu yalikuwa habari ya faini: mkaguzi akija tunafagia, akiondoka tunaendelea na yetu. Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, bibi wa Kigogo. Alikuja asubuhi, akanisalimia "Mbukwa", akanishika mkono hadi nyuma ya ukuta wangu, penye korongo. Mchanga ulikuwa mweusi, unang'aa. Mbuzi wake wawili walikuwa na mafuta miguuni. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, haya si ndiyo unayouza?"

Naandika hapa niliyoyafanya baada ya siku ile, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Anza na wiki moja ya mizani. Usinunue kitu chochote kwanza. Chagua wiki ambayo msimu umechanganya, Juni au Julai, uchukue mizani ileile unayopimia magunia. Kwenye daftari chora safu sita: alizeti iliyoingia, takataka zilizochekechwa, mafuta yaliyochujwa, mashudu (makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa), mashapo ya tangi, na uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, asubuhi na jioni. Kilo zilizoingia zinapaswa kukaribiana na zilizotoka. Unyevu kidogo hupotea kama mvuke, hilo ni la kawaida. Pengo likizidi hapo, tembea kiwandani ulitafute. La kwangu nililikuta sakafuni, mtaroni, na kwenye madumu yaliyokuwa yakivuja chini bila mtu kuangalia.

Kisha nenda kwenye mashudu, maana hapo ndipo penye pesa nyingi kuliko pengine pote. Chukua mashudu ya kujaa kiganja yakitoka mashineni yangali na moto, uyafunge kwenye karatasi nyeupe, uyakandamize kwa dumu lililojaa kwa dakika moja. Karatasi ikilowa kama iliyofungiwa maandazi, ujue unauza mafuta kwa bei ya chakula cha ng'ombe. Mashine zetu za kukamua haziwezi kumaliza mafuta yote. Hata iliyo nzuri huacha asilimia 6 hivi, na iliyochoka hufika 12 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo faida ya mwaka mzima.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kukaza mashine. Mimi nakuomba uangalie mbegu kwanza. Mbegu mbichi huteleza na kuziba. Mbegu iliyoanikwa juu ya udongo huja na mchanga, na mchanga ule huila skrubu ya kukamulia kama tupa. Nilikuwa nikimwita fundi wa kuchomelea karibu kila mwezi, namlaumu yeye, kumbe tatizo liko shambani. Nilinunua maturubai nikawaazima wakulima ninaonunua kwao Kongwa na Bahi, nikaanza kuchekecha mara mbili badala ya moja. Sasa fundi namwita mara mbili kwa msimu. Gharama ya maturubai ilirudi kabla msimu haujaisha, na yale mashapo ya tangi, ambayo zamani tulimwaga, tunayachanganya na mbegu kidogo kidogo na kuyakamua tena.

Sakafu nayo ina utaratibu wake. Mafuta yakimwagika, usimwage maji. Nyunyiza pumba za mpunga au vumbi la mbao, acha linyonye, kwangua, ndipo uoshe kwa maji machache. Maji hayo yapite kwenye shimo la kunasia mafuta kabla ya kutoka nje. Ni shimo la tofali lililopigwa plasta, lenye vyumba viwili. Kwenye ukuta wa katikati pitisha bomba la inchi 4 lenye kiwiko kinachoangalia chini ndani ya chumba cha kwanza, mdomo wake ukaribie sakafu lakini usiiguse. Mafuta huelea juu na kubaki, maji hupita kwa chini. Maji yasiingie yakiwa ya moto, maana ya moto huyabeba mafuta moja kwa moja. Funika kwa zege jembamba linaloinulika, watoto wasije wakatumbukia.

Kila Jumamosi tunaengua. Mafuta yale si ya kula, wala usikubali mtu akushawishi kuyachuja upya. Dumu lake kwangu limepakwa rangi nyekundu shingoni na ufunguo wa stoo ninao mimi. Yanakwenda kwa akina mama wanaotengeneza sabuni, na pesa yake wanagawana vijana wa mashine. Tangu nianze kuwapa, hakuna anayeacha koki ikidondosha.

Umeme ni hesabu fupi: gawanya uniti za siku kwa magunia ya siku. Namba ikipanda, tazama mkanda uliolegea, beringi kavu, au mashine iliyoachwa ikizunguka tupu wakati wa chakula.

Kuhusu karatasi, kampuni kubwa huwa na cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, ambacho kiini chake ni kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha. Kwa kiwanda cha ukubwa wetu daftari linatosha kuanzia. Mnunuzi wa dumu sokoni Majengo hatakuuliza cheti. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira; mwendee mwenyewe kabla hujajenga wala kuongeza mashine, akueleze vibali unavyohitaji. Kubomoa zege ni ghali kuliko nauli.

Na si kila kitu kitarudisha pesa. Ukuta wa kuzuia vumbi haujaniletea hata shilingi. Niliujenga kwa sababu upande wa pili wanalala watoto.

Novemba, kabla mvua hazijaanza, toa tope lote chini ya shimo. Hapa tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote ulichokimwaga korongoni kinakaa palepale, mlangoni kwa jirani.