Kabla hujahama sekta kwenye kazi ya ushauri: mambo ya kuzingatia, hasa ukiwa Tanga

Siku hizi hapa Tanga kila wa pili ni mshauri wa mafuta na gesi. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda liwekwe Chongoleani mwaka 2017, na bandari nayo ikachimbwa kina kutoka mita 3 mpaka 13, watu waliokuwa wanashauri mashamba ya mkonge, hoteli za Pangani, vyama vya wakulima wa machungwa Muheza, wote wamebadilisha profaili. Sio vibaya, hela imehama na mtu anafuata hela. Ila mwajiriwa akihama sekta anakuta mshahara unamsubiri mwisho wa mwezi, wewe mshauri ukihama unaanza kutafuta mteja upya na huyo mteja hakujui wala hajawahi kusikia jina lako. Haya naandika kwa mtu ambaye bado hajahama, yuko pale anapiga hesabu.

Cha kwanza ujue unauza nini hasa. Chukua karatasi, andika kazi zako zote za nyuma, halafu mbele ya kila moja andika mteja alikuwa anaumwa wapi. Usiandike sekta, andika maumivu. Mfano mkonge: jani ukilipeleka korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, singa (nyuzi) unayotoa ni kama asilimia 4 tu ya uzito, kilichobaki ni maji na taka, kwa hiyo kiwanda kinasafirisha mzigo mkubwa kupata kitu kidogo na trekta likikaa foleni nusu siku majani yanaanza kukauka kwenye tela. Kama kazi yako ilikuwa kupunguza ile foleni ya matrekta basi hiyo inahama na wewe, lori linalosubiri geti la bandari ni tatizo la ukoo uleule. Lakini kama walikuita kwa sababu unashika singa mkononi unataja daraja lake, hii ni UG hii ni 3L, huo ujuzi ni mzuri sana na utabaki hukohuko kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi, bandarini hauna mnunuzi.

Na usidhani kujua sekta ni mali ya kudumu. Kabla ya gati kuongezwa kina meli zilikuwa zinatia nanga mbali huko, kama kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo unashushwa kwenye matishari, yale majahazi bapa ya mizigo, ndio unaletwa nchi kavu. Kulikuwa na watu wanaijua hesabu ya matishari kama sura ya kwanza, tishari ngapi, zamu ngapi, upepo ukiwa hivi unafanyaje. Meli zilipoanza kufunga gatini ile hesabu ikaisha soko. Waliopona ni wale ambao chini ya matishari walikuwa wanajua kitu kingine, kupanga zamu, kupima muda, kusoma mkataba.

Lugha sasa. Kila sekta ina maneno yake na mteja anakupima kwa hayo ndani ya dakika tano za kwanza, hata kabla hujafungua leptopu. Chukua demareji na storeji. Mtu wa nje anaziita zote gharama za bandari. Mtu wa ndani anajua demareji unadaiwa na shipping laini, yaani kampuni ya meli, kwa sababu umekaa na kontena lao kupita siku za bure, na storeji unadaiwa na bandari au ICD (bandari kavu) kwa sababu mzigo umekalia eneo lao. Bili mbili, wadai wawili, na kila mmoja ana mlango wake wa kwenda kuomba apunguze. Ukiingia kwenye kikao ukasema tutaongea na bandari watupunguzie demareji, wakala wa forodha aliye pembeni yako atainamia simu yake hatasema kitu, na kikao kijacho hutaalikwa. Kwa hiyo kabla ya kuhama kaa na hao mawakala. Nenda asubuhi wanapokunywa chai kabla ya ofisi kufunguliwa, wakae wakilalamika, wewe sikiliza tu, utasikia nani kakwama na TANSAD (hati ya forodha ya mzigo), nani anahesabu siku za bure kwa vidole na jumapili imo. Hiyo ni shule na ada yake ni kulipia chapati. Usiende na kadi ya biashara.

Halafu hela, na hapa ndio nataka tukae kidogo maana watu wengi wazuri wanaangukia hapa huku kazi yenyewe wanaiweza. Kila sekta hela yake inatembea kwa mwendo wake. AMCOS ya mkonge, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni rahisi kuielewa, singa ikiuzwa na hela ikiingia akaunti, mwenyekiti na mweka hazina wakisaini umelipwa, singa isipouzwa hata uwapigie kila asubuhi hamna kitu. Unajua unasubiri nini. Kampuni kubwa ni habari nyingine. Kwanza usajiliwe kama muuzaji kwenye mfumo wao, TIN, leseni, tax clearance, barua ya benki, hiyo tu inaweza kula wiki. Halafu bila PO, oda ya manunuzi ya maandishi, hakuna ankara, ukifanya kazi kwa maneno ya simu umejitolea. Halafu siku 30 au 60 za malipo, uliza zinaanza kuhesabiwa lini, maana mara nyingi zinaanza siku ankara ilipokubaliwa na uhasibu na sio siku uliyoituma. Halafu siku ya kulipwa wanakata asilimia 5 ya withholding, kodi ya zuio. Ankara ya milioni 4 unapokea 3,800,000, ile 200,000 sio hasara ni kodi yako imelipwa mapema, ila ukikosa cheti chake mwisho wa mwaka huna cha kuwaonyesha TRA, kwa hiyo dai cheti kama unavyodai hela.

Ukiwa na VAT ndio inakuwa tamu zaidi. Kwenye hiyo milioni 4 unaongeza asilimia 18, yaani 720,000, na hiyo inahesabika kuanzia ulipotoa ankara, ritani ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, TRA haulizi kama mteja ameshalipa. Mteja wako ana siku 60 na wewe una wiki chache. Hiyo 720,000 inatoka wapi? Inatoka kwenye ada ya mtoto. Kwa hiyo usiniambie una akiba ya miezi mitatu ya kula, niambie una akiba ya kula na ya kodi ya ankara ambazo bado hazijalipwa, na mimi ningesema usihame chini ya miezi sita. Na kaulize TRA mapema suala la kusajiliwa VAT, huduma za kitaalamu hazipimwi kwa kiwango cha mauzo kama duka.

Vibali nipite haraka. Kazi za tathmini ya mazingira lazima uwe umesajiliwa kama mtaalamu NEMC (baraza la mazingira), na fani nyingine kila moja ina bodi yake, za uhandisi ERB, hesabu NBAA, manunuzi PSPTB. Tenda za serikali zipo NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni. Kazi za bomba, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) wana kanzidata ya wazawa wanaotoa huduma, jisajili hata kama hujaamua. Na leseni ya biashara isome imeandikwa shughuli gani, isije ikawa inasema kilimo.

Kuhusu bomba lenyewe, kilomita 1,443 kutoka Hoima, 1,147 ziko upande wetu, mradi mkubwa kweli. Ila ujenzi ni msimu. Wakati wa ujenzi kuna kambi, malori, chakula, mafunzo ya usalama, kila mtu anahitaji mshauri. Mafuta yakishaanza kutiririka wanabaki watu wa kuendesha, wachache, wengi wao ni waajiriwa. Ukihamia huko uwe unajua unahamia ujenzi au uendeshaji, na kama ni ujenzi baada ya hapo unaenda wapi. Bandari naiamini zaidi, mzigo hauishi.

Kazi ya kwanza usiitafute peke yako, ingia chini ya mtu aliyeko huko tayari, akupe kipande, jina lake liko juu lako liko chini. Bei punguza kidogo ukitaka lakini bure usifanye, mteja wa bure hakupi hata data.

Na wateja wa zamani usiwatupe, maliza mikataba, waage vizuri, bado wao ndio wanakulisha. Angalia pia usije ukamshauri msafirishaji huku ripoti ya gharama za kiwanda anachokibebea singa ulishaiandika wewe mwaka jana na iko kwenye leptopu yako. Msafirishaji atakuuliza, kwa utani, hawa jamaa wanaweza kulipa mpaka ngapi kwa tani? Jibu uwe nalo kabla hujaulizwa, na mwambie siku ileile ya kwanza kwamba wale ni wateja wako, akiona hakufai aseme mapema.