Jinsi ya Kurekebisha Hati ya Madai Katika Shauri la Deni

Tuseme ulimpa mnunuzi wa soko la Kibaigwa mahindi kwa mali kauli, naye asipolipa ukafungua shauri katika Mahakama ya Wilaya ukidai shilingi 42,000,000. Baadaye, ukipekua daftari la ghala, unakuta shehena nyingine ya shilingi 6,000,000 ambayo hukuitaja. Usiivizie siku ya ushahidi ili uitaje kwa mdomo, kwa kuwa kila upande unafungwa na hati ulizowasilisha mahakamani kueleza madai au utetezi wake.

Njia iliyowekwa ni Amri ya VI, Kanuni ya 17 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inayoiwezesha mahakama, katika hatua yoyote ya shauri, kuruhusu marekebisho yanayohitajika ili mgogoro halisi uamuliwe. Maneno “hatua yoyote” yamewaponza wengi. Ombi linaloletwa kabla ya usikilizwaji kuanza hukubaliwa kwa wepesi iwapo usumbufu wa mdaiwa unaweza kufidiwa kwa gharama, msimamo uliowekwa katika shauri la Eastern Bakery dhidi ya Castelino la mwaka 1958. Lakini ukisubiri mashahidi wako waishe, au ukaomba baada ya mdaiwa kuweka pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kutaka shauri liondolewe kabla ya kusikilizwa) ili tu ulikwepe, utatakiwa kueleza mengi, na huenda usisikilizwe.

Ombi huletwa kwa maandishi likiambatana na kiapo, yaani maelezo ya maandishi uliyoyaapia. Hapa ndipo pa kutulia: kiapo kitaje aya inayobadilishwa, maneno mapya yatakavyosomeka, lini uligundua kosa na kwa nini hukuligundua mapema. Kuandika kwamba “haki inahitaji” hakumsaidii hakimu. Ambatisha pia rasimu ya hati mpya pamoja na stakabadhi ya shehena iliyosahauliwa.

Kabla ya hayo, hakikisha mambo mawili. Deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6, hivyo shehena iliyopitwa na muda usitarajie kuipenyeza kwa mlango wa marekebisho. Pia jumla mpya isivuke kiwango cha fedha ambacho mahakama hiyo ina mamlaka nacho.

Ukiruhusiwa, wasilisha Hati ya Madai Iliyorekebishwa ndani ya muda uliopangwa, au ndani ya siku 14 tangu amri itolewe ikiwa haukupangwa. Ukichelewa, Kanuni ya 18 ya Amri hiyohiyo ya VI inakufungia mlango mpaka uongezewe muda. Hati mpya huichukua nafasi ya ile ya kwanza, kwa hiyo iandike nzima, si vipande vilivyobadilika peke yake, utie saini na uithibitishe upya, ukitenga aya unazozijua mwenyewe na zile ulizoarifiwa ukaziamini. Kisha linganisha tarakimu: shilingi 48,000,000 za kwenye aya zionekane vilevile katika maombi yaliyo mwishoni mwa hati, unapoiomba mahakama nafuu, maana mara nyingi hapo ndipo ile 42,000,000 ya zamani husahaulika.