Mambo ya Kupanga Kabla Hujatoka Uwanja wa Ndege wa Mombasa Kwenda Malindi

Ndege ya Nairobi hadi Mombasa haimalizi hata saa nzima hewani. Halafu aliyeshuka humo anatoka Uwanja wa Moi wa Mombasa alasiri, na anaingia Malindi watu wameshafunga milango. Kinachomla muda si zile kilomita mia na ishirini na ushei za njiani. Ni madaraja. Uwanja uko bara, upande wa magharibi. Malindi iko kaskazini, na katikati kimekaa kisiwa cha Mombasa. Njia iliyozoeleka inakuingiza kisiwani kwa Makupa, inakukokota mjini, inakutoa kwa Daraja la Nyali, kisha Kongowea, Bamburi, daraja la Mtwapa, Vipingo, daraja la Kilifi, ndipo uanze kunusa nyumbani.

Basi kabla hujaita gari, kaa chini upange.

Kama tiketi hujakata, angalia kwanza ndege za kutua Malindi penyewe. Zipo kutoka Nairobi. Ni ndogo, mizigo yake inapimwa kwa ukali, na bei huwa juu kidogo, lakini unatoka uwanjani na dakika chache baadaye uko Shela au Maweni unakunywa chai. Anayekwenda Lamu naye atafute ndege ya Manda, kisiwa chenye uwanja wa Lamu. Njia ya barabara kupitia Garsen hadi Mokowe si ya kuunganisha na safari ya Mombasa siku moja, wala si ya usiku. Akishindwa na ndege, alale Malindi.

Kama ni Mombasa lazima, hesabu saa ya kutoka uwanjani, usihesabu saa ya kutua. Watu wengi hukosea hapa. Ndege inatua saa tisa, wao wanasema "saa tisa na robo tuko njiani." Nani kakwambia? Kuna mizigo, kuna mtu wa choo, kuna mtoto anayetaka juisi, kuna dereva aliyeegesha mbali. Ukisema saa kumi na robo umesema kweli.

Na hiyo saa kumi ndiyo mpaka wa kila kitu. Daraja la Nyali la sasa ni la mwaka 1980, lina njia sita, na kabla yake watu walivuka kwa daraja la kuelea. Njia sita si haba, ila upande wa kaskazini umejaa watu kupita daraja linavyoweza kubeba: Nyali, Kongowea, Kisauni, Bamburi, Kiembeni, Shanzu, Mtwapa. Asubuhi wote hao wanaingia mjini. Jioni wote wanarudi. Wewe wa Malindi ukitokea uwanjani jioni unaungana nao, na kukaa kwako mbali hakukupi njia ya peke yako. Ukivuka daraja hujamaliza, maana mbele liko soko la Kongowea, na hapo kituo cha Lights matatu na tuktuk zinapakia na kushusha zinapotaka. Kuna wanaokwepa kipande hicho kwa kuingia Nyali, kushika Links Road na kutokea City Mall. Mchana inasaidia. Jioni hata Links Road yenyewe inajaa, kwa hivyo usiitegemee sana.

Utaratibu ninaowapa watu wangu ni huu. Ukitoka uwanjani kabla ya saa tisa mchana, pita Nyali tu, usijisumbue. Kati ya saa tisa na saa kumi na nusu, shika njia ya Rabai, nitaieleza. Baada ya saa kumi na nusu hadi saa mbili usiku, usiende kokote. Ndiyo, nimesema usiende. Kula, swali Magharibi na Isha papo hapo Changamwe, wacha watoto walale ndani ya gari, kisha saa mbili na nusu upite Nyali foleni imelegea. Utafika saa zile zile ambazo ungefika kwa kubanana, ila utafika na akili zako. Kuna watu kukaa hawawezi, wanaona gari lisilotembea ni hasara. Hao ndio ninaowakuta baadaye wakisimulia.

Sasa njia ya Rabai. Ukitoka lango la uwanja usielekee Changamwe. Shika Magongo utokee Kwa Jomvu kwenye barabara kuu ya Nairobi, pita Miritini, panda hadi Mazeras. Hapo Mazeras unaiacha barabara kuu na kuingia Rabai, pale mmisionari Krapf alipofungua kituo chake cha misheni mwaka 1846. Ukiona makumbusho na kanisa la kale, hujapotea. Endelea hadi Kaloleni, na kutoka Kaloleni teremka moja kwa moja hadi Mavueni. Mavueni unakutana tena na barabara ya Malindi, na daraja la Kilifi liko mbele yako karibu. Umeikwepa Makupa, umeikwepa Nyali, umeikwepa Mtwapa na mapolisi wake. Daraja la Kilifi huwezi kulikwepa kwa njia hii, lakini hilo halina neno. Tangu lilipofunguliwa mwaka 1991 na watu kuachana na feri, ni la kupita huku unatazama bahari.

Ni lami, ni nchi nzuri ya minazi, milima na makorongo, na wauzaji wa mnazi kando ya barabara. Si njia fupi, wala asikudanganye mtu. Ina kona, ina matuta yasiyo na alama, ina mbuzi na wanafunzi. Faida yake ni moja: gari linatembea. Aliyekuja kwa treni ya SGR akashuka Miritini hana hata la kufikiri, kwa sababu tayari yuko upande wa Mazeras. Kuingia mjini ni kujitafutia.

Kabla ya kuingia Magongo, uliza hali ya malori. Barabara ya Miritini hadi Mazeras ndiyo ya trela zote zinazotoka bandarini kwenda bara, na trela moja ikikwama mlimani, foleni ya Nyali utaikumbuka kwa mapenzi. Mpigie mtu aliyeko huko. Madereva wa teksi wa uwanjani wanajua, waulize kwa adabu hata kama hukodi kwao.

La kukazania zaidi ya yote ni kwamba uamuzi unakatwa langoni pa uwanja. Ukishaelekea Changamwe, umechagua. Ukishavuka Makupa, umeoa. Usigeuze.

Hili tulijifunza siku tulipokwenda uwanjani kumpokea shangazi na wenzake wanaotoka Umra. Noah moja, watu wanane, na nyuma madumu ya zamzam yamepangwa hadi kioo hakionyeshi kitu. Dereva ni jirani yetu, mtu mpole, na upole wake ndio uliotuponza. Tulitoka uwanjani kama saa kumi na moja, Ijumaa, tukapita Makupa vizuri. Karibu na Buxton, kabla ya Daraja la Nyali, magari yakasimama. Dakika kumi, ishirini, mtu anasogea urefu wa tuktuk. Nyuma yangu kulikuwa na kijana mwenye simu. Akatoa ramani, mstari mwekundu kutoka hapo hadi Bombolulu. "Mjomba, geuza, tupite Rabai!" Mmoja akaunga mkono, wa pili akaunga mkono, dereva hakutaka ugomvi na mahujaji. Akageuza.

Kilichosahaulika ni kwamba jioni Mombasa inatoka kwa milango yote. Wanaokaa Changamwe, Mikindani na Miritini nao walikuwa wanarudi makwao kwa Makupa ile ile. Kwa hivyo tulikula foleni ya kwenda, tukala na ya kurudi, halafu tukala ya malori. Mazeras tuliingia giza limeshatanda, taa ya mafuta imewaka, na dereva anasema tutajaza Kaloleni.

Njia ya Rabai usiku ni kitu kingine. Taa za barabarani hakuna kwa kipande kirefu, boda boda nyingine hazina taa mbele wala nyuma. Gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito, kila tuta tukilisikia tumboni, kruu, na shangazi akisema "bismillahi" kabla ya kila moja kama anayeyahesabu kwa tasbihi. Kisha simu ikaonyesha njia ya mkato, ya kuokoa dakika chache. Tukaingia. Lami ikaisha baada ya nyumba chache. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mwekundu ukilowa hautaki mzaha. Tairi la nyuma likaanza kuzunguka bure. Tuliposhuka kusukuma mtandao nao ukakata, na ile ramani ikabaki kijivu, kidoti cha buluu katikati pasipo na jina.

Waliotutoa ni vijana wa kijiji, na walianza kwa kushusha madumu. Walipoyaweka chini yote, Noah ikainuka yenyewe, tukaona tulichokuwa tumekibeba. Bomba la moshi lilikuwa linaning'inia, wakalifunga kwa waya wa uzio. Mzee mmoja akatwambia tu, kwa upole, kwamba njia hiyo huwa ya mikokoteni. Shangazi alikuwa amekaa juu ya dumu lake kando ya barabara, viatu mkononi, akasema: "Makka nimekwenda na kurudi. Malindi ndiyo imenishinda." Wote tulicheka isipokuwa dereva. Pilau ya nyumbani tuliila na adhana ya alfajiri.

Katika safari ile gharama ya daraja, kama tungetulia foleni pale Buxton, ingekuwa saa moja na nusu ya kukunja uso. Ndiyo maana nasema usigeuze.

Mengine ni ya haraka. Jaza mafuta kabla ya kutoka Mombasa, si baadaye. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado na mtandao, na ikikuonyesha mkato baada ya Mazeras, ikatae. Kaa kwenye lami hadi Mavueni. Angalia tairi la akiba, na jeki iwe ndani ya gari, si nyumbani. Mizigo mizito ipakie chini na mbele, au chukua gari la pili, maana matuta hayasamehe.

Kubaliana na dereva njia na bei kabla hujafungua mlango. Wengine ukiwatajia Kaloleni wanaongeza pesa, na wana haki yao, ila ijulikane mapema na si mkiwa Kilifi. Ukisikia mtu anasifia barabara mpya ya Dongo Kundu, msikilize kisha mwache. Hiyo inakwenda Kwale na Diani, inawafaa waliokuwa wakipanga foleni ya feri ya Likoni. Kwa Malindi haikusaidii kitu.

Mvua za masika na vuli, uliza kwanza. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliharibu barabara nyingi za Pwani, na korongo la mlimani hujaa mara moja. Uliza pia kuhusu ujenzi. Barabara ya Mombasa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa kwa miaka kadhaa, na mchepuko wa jana si lazima uwe wa leo.

Anayesafiri kutoka Malindi kwenda kupanda ndege asome haya kinyume. Kwake lango la uamuzi ni Mavueni. Ndege ya asubuhi maana yake ni kukutana na Nyali inayoingia mjini, kwa hivyo kukipambazuka ukiwa Mavueni, kata kulia uende Kaloleni. Kama bado ni giza totoro, endelea na njia kuu, na toka nyumbani mapema zaidi ya unavyodhani. Ndege haimngojei mtu aliyekwama Mtwapa.

Ukishavuka Kilifi usiku usikanyage mafuta kwa furaha. Kuanzia Matsangoni hadi Gede, kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, kuna mikokoteni, kuna baiskeli zenye magunia ya makaa, na kuna watu wanaotembea ukingoni wamevaa nguo nyeusi. Korosho za Kilifi nunua mchana. Chukua maji, biskuti za watoto, dawa za wazee ziwe mkobani na si kwenye sanduku lililofungwa nyuma, pesa taslimu kidogo kwa sababu mtandao wa kulipia hukatika, tochi, na namba ya fundi wa karibu. Mwambie mtu wa nyumbani umepita njia gani, siyo "tuko njiani" tu. Na ukifika, mwambie pia, kuna mtu hajalala.