Umeishiwa, umepungukiwa au umefilisika?

Ukiandika barua ya kuomba msaada, chagua neno kwa makini. Juzi hapa Dodoma nilisoma barua ya mkulima wa mtama: "Nimefilisika." Hapana. Anayefilisika ni mwenye duka au kampuni, mali ilikuwepo ikamezwa na madeni. Huyu ameishiwa: kihenge kimebaki vumbi na punje za kuhesabu, na mvua za huku ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi. Angekuwa bado na madebe mawili, tungesema amepungukiwa, na afisa anayeisoma barua angejua ana wiki kadhaa za kusubiri. Tofauti hiyo si ndogo.

Ukata ni wa fedha. Timu ya mpira huwa na ukata na basi la wachezaji bado inalo. "Maskini" limelainika mno, tunalisema hata mtoto akijikwaa: "Maskini, pole!" Ukitaka uzito, andika fukara. Hohehahe ni zaidi, hana kitu kabisa.

"Nimefulia" na "nimechacha" (nayapenda, nakiri) yaacheni kijiweni. Hayo ni ya tarehe ishirini na kitu, mshahara ukiingia yamekwisha.