Mambo ya kuweka tayari kabla mtoto hajafikwa na hatari, Mtwara na Lindi

Mtoto anapopigwa hadi kuumizwa, au anapofichwa ili aozeshwe, hakuna muda wa kuulizana ofisi gani inahusika. Ulizia leo. Pata namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe Tandahimba au Ruangwa, na ujue kituo cha polisi cha karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ziandike kwenye karatasi, maana simu huisha chaji. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Mtoto naye aikariri.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhurika atoe taarifa serikali za mitaa. Si lazima uwe mzazi, wala usingoje ushahidi ukamilike. Kuchunguza ni kazi ya ustawi wa jamii na polisi. Wakiona hatari ni ya sasa hivi, wanaweza kumwondoa mtoto na kumpeleka mahali salama kwa muda mfupi, kisha mahakama iamue akae wapi na kwa nani. Wewe jirani usikae naye kimyakimya hata kwa nia njema. Utageuziwa kibao uitwe mwizi wa mtoto.

Linalosahaulika sana ni pa kulala usiku ule. Huku kwetu neno la mjomba lina uzito, na ni vizuri. Lakini kama anayetuhumiwa ni mjomba mwenyewe au mtu wake wa karibu, heshima isimrudishe mtoto kwenye nyumba ileile. Fikirieni mapema ni bibi au shangazi yupi asiyetishika, mumtaje kwa afisa ustawi ili amchunguze.

Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, kila saa ina maana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi ndiyo bora. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Akiwa na hali mbaya, mkimbizeni hospitali kwanza, Ligula kwa walio Mtwara mjini au Sokoine kwa Lindi, na mtu mwingine afuatilie polisi PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa. Kila ndugu anayefika asianze kumhoji upya! Mmoja amsikilize, aandike maneno yake kama alivyoyasema.

Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki viwe mahali panapojulikana. Mahakamani umri hutakiwa kuthibitishwa.

Kisha kuna lile la kuyamaliza kifamilia, ambalo linaniuma kuliko yote. Msimu wa korosho, pesa ikiwa mkononi, upande wa mtuhumiwa huja jioni na bahasha, na asubuhi shahidi hapatikani. Fedha hizo hazifuti jinai. Anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30, mahari itolewe isitolewe. Kubalianeni mapema kwamba hakuna atakayepokea, na mtenge nauli ya kumsindikiza mtoto kila shauri linapotajwa.